Kabla ya kuhamia kwenye wingu, itafute kompyuta iliyoandikwa USIZIME

Chini ya meza ya mhasibu, katika kampuni moja ya kahawa jijini Kampala, palikuwa na kompyuta kuukuu iliyobandikwa karatasi kwa selotepu: USIZIME. Nikamuuliza mhasibu inafanya kazi gani. "Hata mimi niliikuta, ssebo," akajibu. Aliyeibandika karatasi ile alikuwa ameacha kazi miaka mingi nyuma.

Tulikuwa tumeitwa kusaidia kupanga namna ya kuhamisha mifumo ya kampuni kwenye wingu, na kompyuta ile haikuwamo kwenye orodha tuliyokabidhiwa. Ilituchukua siku mbili kugundua kwamba kila usiku inachota uzito wa magunia kutoka kwenye mizani ya kiwandani na kuuingiza kwenye mfumo wa malipo ya wakulima. Tungeizima Ijumaa, Jumatatu watu wangefika kudai pesa zao na mfumo ungesema hawajaleta hata gunia moja.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mipango mingi ninayoletewa niikague huanza na bei. Mkurugenzi amesikia wingu ni rahisi, ameletewa makadirio matatu, anataka kujua achague lipi. Mimi huuliza kwanza: mna nini, na nani anamtegemea nani? Mara nyingi jibu la kwanza ni orodha ya seva, yaani kompyuta zinazotunza data na kuzihudumia kompyuta nyingine. Orodha ya seva haitoshi. Kinachotakiwa ni mchoro unaoonyesha mfumo wa mishahara unapata wapi majina ya wafanyakazi, printa ya stoo inasoma kutoka wapi, ripoti ya asubuhi ya bosi inatumwa na mashine gani. Mchoro huo hauchorwi ofisini kwa wakuu. Zungukeni idara kwa idara, mkae na mpokea mizigo, keshia, na yule kijana anayebadilisha katriji. Acheni pia programu ya kufuatilia mawasiliano ya mtandao ifanye kazi mwezi mzima, maana kuna shughuli zinazoamka tarehe ya mishahara tu na kulala tena.

Kwa asiyelizoea neno hili, wingu ni seva za mtu mwingine, katika jengo la mtu mwingine, unazozikodi kupitia intaneti na kulipia kadiri unavyotumia. Kwetu Uganda majengo hayo makubwa yako mbali. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Hapa nyumbani kuna kituo cha Raxio pale Namanve, kilichofunguliwa mwaka 2021, ambako kampuni inaweza kupangisha nafasi ya kuweka seva zake penye umeme na ubaridi wa uhakika. Kwa baadhi ya mifumo hiyo ni njia nzuri ya katikati, na nashangaa jinsi inavyosahaulika katika mipango mingi.

Mchoro ukishapatikana, kila mfumo uamuliwe peke yake. Upo utakaogundua kwamba hakuna anayeutumia. Uzime na usonge mbele. Upo wa kuhamishwa ulivyo. Upo ambao ni nafuu kuuacha kabisa na kulipia programu iliyo tayari mtandaoni, na barua pepe ni mfano mzuri: sioni sababu ya kampuni ya watu hamsini kuendesha seva yake ya barua pepe mwaka huu. Halafu upo wa kubaki pale pale. Mizani ya kiwandani tuliiacha kiwandani. Lori haliwezi kusubiri getini eti intaneti imekatika.

Na intaneti hukatika. Nchi yetu haina bahari, kwa hiyo data zetu nyingi hupita Kenya au Tanzania kabla ya kuzifikia nyaya za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikahangaika. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa takriban siku tano. Anayepanga kuhamia wingu hapa bila kujiuliza "siku tano hizo tungefanyaje?" bado hajapanga. Angalau chukueni njia mbili za intaneti kutoka kampuni mbili, na ulizeni kama kweli zinapita mitaro tofauti. Nimeona njia mbili za majina tofauti zikikatwa na sepetu moja ya mchimba barabara. Kisha andikeni utaratibu wa kufanya kazi kwa karatasi, na siku moja muujaribu kweli.

Kasi nayo ina hesabu yake ambayo watu hawaipigi. Chukua terabaiti 2 za mafaili, kiasi cha kawaida kwa ofisi yenye picha na nyaraka za miaka kumi. Njia yenye kasi ya kupakia ya megabiti 20 kwa sekunde, ikitumika kazi hiyo tu usiku na mchana, itahitaji zaidi ya siku 9. Ukijipa wikendi moja umejidanganya. Anzeni kupeleka mafaili ya zamani wiki kadhaa kabla, usiku ofisi ikiwa tupu, ili siku yenyewe yahamishwe mabadiliko ya mwisho tu.

Upande wa sheria ni mfupi lakini hauna mzaha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 haikukatazi kuweka data za watu nje ya Uganda. Inakutaka uhakikishe nchi zinakokwenda zina ulinzi usiopungua wa kwetu, au wenye data wawe wameridhia. Kampuni inayokusanya data za watu inapaswa pia kuwa imesajiliwa kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Mkataba wa wingu usainiwe baada ya mwanasheria kuusoma, na kipengele cha nchi data zinakokaa kiwe kimejazwa.

Tuje kwenye pesa. Ankara ya wingu kwa kawaida huja kwa dola, na wewe unauza kwa shilingi. Seva ya majaribio iliyosahaulika huendelea kulipiwa kila saa, hata wikendi, hata Krismasi. Kuingiza data kwa kawaida hutozwi. Kuitoa ndiko kuna bei, na wengi huigundua ankara ikishafika. Kwa upande mwingine, muwe waaminifu mnapolinganisha. Dizeli ya jenereta, betri zinazokufa kila baada ya miaka michache, kiyoyozi cha chumba cha seva: vyote viingie kwenye hesabu ya kubaki.

Kuna dhana nyingine ya kuiondoa mapema, kwamba ukishahamia, usalama na nakala rudufu ni kazi ya mwenye wingu. Yeye analinda jengo na mitambo. Nywila za wafanyakazi wako, nani aruhusiwe kuona nini, na nakala za data zako ni juu yako, isipokuwa umelipia vinginevyo. Machi 2021 kituo cha OVH, kampuni ya kukodisha wingu, mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza data zao moja kwa moja.

Kuhusu siku ya kuhama, sipendi kuhama kwa mkupuo. Anzeni na mfumo ambao ukiyumba hakuna atakayelia, mjifunze, kisha muufuate mwingine. Msichague mwisho wa mwezi, wala siku za karibu na tarehe 15 ambapo ritani za VAT zinadaiwa, wala msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto. Kama mfumo wenu wa mauzo umeunganishwa moja kwa moja na EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA, toeni ankara za majaribio kutoka makao mapya kabla ya kumhudumia mteja halisi. Mfanye mazoezi kamili angalau mara moja, saa mkononi. Na muandike mapema saa ya kukata shauri: ikifika saa kumi jioni Jumapili mambo hayajakaa sawa, tunarudi tulikotoka. Saa hiyo ichaguliwe watu wakiwa wametulia, maana saa saba usiku kila fundi huamini imebaki hatua moja tu.

Seva za zamani ziacheni zikiwa hai, za kusomwa tu, kwa mwezi mmoja au miwili. Ndipo zizimwe. Mkiziuza kwa wafanyabiashara wa kompyuta zilizotumika, toeni diski kwanza. Kufuta mafaili kwa kawaida hakuondoi data, na majina, simu na malipo ya wakulima wenu yamo humo bado.