Antivirusi ilisema "safi", lakini ordinatere ya mama mudogo bado inalia

Mama mudogo anafundisha shule ya msingi huko Katuba. Ordinatere (kompyuta) yake ndogo ndiyo inayobeba pointi za wanafunzi, nyimbo za kwaya na picha za harusi ya mtoto wake. Windows yake ni ya Kifaransa, kama nyingi za hapa Lubumbashi. Ilipoingiwa na virusi aliipeleka kwa fundi, akalipa, akarudishiwa. Wiki haikwisha akanipigia simu: "Mwanangu, fundi alisema imepona, mbona kila asubuhi inaamka na kulia?"

Kwenye kitengo chetu cha kompyuta swali hilo linatufikia karibu kila wiki. Mara nyingi anayelileta si mwenye mashini. Ni kijana wa nyumbani ambaye ukoo mzima umeshamteua kuwa "yule anayejua ordinatere", apende asipende. Ninaandika kwa ajili yake.

Kilio chenyewe kilikuwa kidirisha cha Windows Script Host, kikisema kwamba faili fulani lenye mwisho wa .vbs halipatikani. Wengine huona kidirisha cha RunDLL kinachodai kwamba moduli fulani imekosekana. Chanzo ni kilekile. Programu haribifu ya aina hii huwa na vitu viwili: faili linalofanya uovu, na agizo lililofichwa ndani ya Windows linalosema "ukiwaka tu, liite faili lile". Antivirusi ilifuta faili, agizo likabaki. Ni kama mwalimu anayeita majina asubuhi wakati mtoto mmoja amehama tangu Pasaka na hakuna aliyelifuta jina lake. Kila siku anaitwa, kila siku kimya. Na kwa kweli, mahali pamoja ambapo agizo hilo hukaa Windows yenyewe hupaita rejista.

Kwa hiyo kidirisha kile, kwa peke yake, hakimdhuru mtu. Kinatangaza kwamba mwizi hakuonekana. Mabaki yanayopaswa kututia wasiwasi ni yale yasiyotoa sauti, na nitayafikia baada ya kumaliza hili.

Agizo la aina hii linaweza kukaa sehemu nne hivi: folda ya Démarrage (ya vitu vinavyoanza Windows ikiwaka), rejista, Planificateur de tâches (ratiba ya kazi za Windows), au kati ya zile huduma zinazoanza pamoja na Windows. Unaweza kupita kote huko kwa mkono, lakini utachoka. Iko programu ya bure iitwayo Autoruns, ya Sysinternals, kundi la zana ambalo Microsoft ililinunua mwaka 2006. Ipakue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, ifungue kama msimamizi, kisha uiambie ifiche vitu vya Microsoft ili orodha ipungue. Mistari ya njano ni ile ambayo faili lake halipo tena, na jina letu la mtoto aliyehama litakuwa humo. Mistari ya waridi ni ya programu zisizo na sahihi ya mtengenezaji inayothibitika. Hizo si lazima ziwe mbaya, ila ziulize maswali. Usifute kwa haraka. Ondoa tiki tu, zima, washa, iache mashini ifanye kazi siku mbili tatu. Kama hakuna kilichoharibika, ndipo ufute. Nimeshaona vijana waliofuta kila cha njano na kila cha waridi kwa dakika kumi, wakabaki na ordinatere isiyotoa sauti wala isiyoona printa.

Na zile programu zinazojitangaza kwamba "zinasafisha rejista", ziache huko ziliko.

Kidirisha cha mama mudogo kilikwisha hivyo, na ningeweza kumrudishia mashini siku hiyohiyo, nikala bukari (ugali) yake, nikaenda zangu. Kilichonizuia ni ile "safi" ya antivirusi. Ilikuja haraka mno. Ordinatere ya miaka mingi, diski iliyojaa, halafu uchunguzi kamili unakwisha kwa muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya chai?

Fungua Sécurité Windows, ingia kwenye ulinzi dhidi ya virusi, kisha mipangilio yake, shuka mpaka chini kabisa palipoandikwa Exclusions. Hapo pana orodha ya sehemu ambazo antivirusi imeamriwa isizitazame. Kwa mtu wa kawaida inatakiwa iwe tupu. Kwa mama mudogo palikuwa na mstari mmoja: C:\. Diski nzima. Mlinzi alikuwa amekaa langoni kwa uaminifu, lakini amefungwa kitambaa machoni.

Jinsi ilivyotokea si fumbo. Fundi aliondoa virusi vya kwanza kwa haki kabisa. Kisha, kwa wema wake, akamwekea Office isiyolipiwa. Crack inayoifungua Office hiyo hukamatwa na antivirusi, kwa hiyo maelekezo yake huanza kwa kusema zima ulinzi au ongeza exclusion. Akaongeza, akamaliza, hakuirudisha. Simlaumu sana, maana bei ya leseni ikilinganishwa na mshahara wa mwalimu wa hapa inaeleweka na kila mtu. Lakini LibreOffice ni ya bure, inafungua mafaili ya Word na Excel, na haimtaki mtu amfumbe mlinzi macho. Mama mudogo anaitumia sasa. Analalamika tu kwamba vitufe vimehama.

Basi mpangilio wa kazi ni huu, na ukiuvuruga unapoteza muda. Kwanza kata intaneti. Nakili nyaraka za mwenye mashini kwenye diski ya nje: maandishi, picha, PDF, majedwali. Usinakili kitu chenye mwisho wa .exe, .vbs, .js, .bat, .scr wala .lnk, hata kama jina lake linapendeza. Ondoa exclusions. Rudisha intaneti kwa muda ili antivirusi ijisasishe. Ndipo uchague uchunguzi ambao Windows huuita Analyse hors ligne. Huo huzima ordinatere na kuchunguza kabla Windows yenyewe haijaamka, ili kile kinachojificha kwa kutangulia kuwaka kisipate nafasi. Huchukua kama dakika 15. Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ya bure au AdwCleaner inatosha. Usiweke antivirusi tatu zikae pamoja, zitagombana na mashini itatembea kama kinyonga. Kwa mama mudogo, baada ya kitambaa kuondolewa, vilipatikana vitu vitatu. Kimoja kilikuwa ndani ya folda ya ile crack.

Neno moja kuhusu umeme. Laptopu nyingi zinazotufikia betri zake zimekufa na zinaishi kwa waya. Usianze kazi inayozima na kuwasha Windows saa ambayo mtaa wako huwa unapata delestaji, yaani mgawo wa umeme. Umeme ukikatika katikati ya kurudisha mfumo, utakuwa na tatizo jipya kubwa kuliko la zamani.

Kwenye kivinjari nitapita haraka. Matangazo yanayoruka kwenye kona ya chini kulia, "ordinatere yako ina virusi 5, lipa sasa", kwa kawaida si virusi. Ni ruhusa ambayo mtu alibofya "Autoriser" (ruhusu) kwenye tovuti fulani ya filamu au mpira. Ingia Paramètres des sites, halafu Notifications, ondoa majina yote usiyoyajua. Tazama viongezo, ukurasa wa mwanzo na injini ya utafutaji. Kisha toka kwenye kivinjari, utazame mipangilio ya proxy ya Windows, yaani kituo cha katikati ambacho intaneti hupitia: kama pana anwani na hakuna mtu wa nyumbani aliyeiweka, iondoe, maana kinachopita intaneti kinaweza kuwa kinapitia kwa mgeni. Pia tazama kama kuna AnyDesk au TeamViewer, programu za kutawala ordinatere kutoka mbali. Ni programu halali, lakini kama mwenye mashini hajui ilifikaje, haina kazi hapo.

Sasa maneno ya siri. Hapa ndipo watu wanapodhani kazi imekwisha, na mimi nadhani ndipo ilipo. Programu haribifu nyingi za siku hizi haziji kuvunja ordinatere. Zinakuja kuchota, mara moja, maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani ya kivinjari, pamoja na zile kuki zinazokufanya usiulizwe neno la siri kila siku. Moja iliyojulikana sana iliitwa Lumma. Microsoft ilipoivamia mitambo yake mwezi wa Mei 2025 ilisema imezikuta ordinatere zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa duniani kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei mwaka huohuo. Ukiifuta programu kama hiyo leo, kilichochotwa jana hakirudi.

Kwa hiyo chukua simu iliyo safi, wala si laptopu ileile, ubadilishe neno la siri la barua pepe kwanza, kwa sababu akaunti nyingine nyingi hujirudisha kupitia humo. Halafu Facebook na nyinginezo. Kwenye kila moja tafuta sehemu ya kutoa vifaa vyote vilivyoingia, kwa kuwa kuki iliyoibwa inaweza kuendelea kufanya kazi hata neno la siri likibadilika. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kwenye WhatsApp ya simu yake fungua Appareils connectés, uondoe kila kifaa kisichojulikana. Mama mudogo alikuwa na faili la Word juu ya uso wa ordinatere, jina lake "CODE", na ndani yake PIN ya mobile money, ya kadi ya benki, na ya simu ya baba. Sikucheka mbele yake. PIN zote zilibadilishwa jioni ile, na faili likahamia kwenye daftari la karatasi lililo kabatini.

Nikiwa hapo, ongezeko dogo la adabu. Ukiwa unatengeneza mashini ya mkubwa wako utaona mengi: picha, barua, kumbukumbu za kivinjari. Mwombe akae karibu nawe unapofanya kazi, na usimuulize "ulifungua nini?" kwa sauti ya hakimu. Muulize fleshi ya mwisho ilitoka wapi. Anayeona haya huficha, na anachokificha ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Kuna hali ambazo kutafuta mabaki moja moja si busara. Kama uchunguzi unakuta kitu kilekile kila siku, au kama kuna dalili kwamba mtu aliitawala ordinatere kutoka mbali, futa yote na uweke Windows upya. Njia ya Réinitialiser ce PC ina namna mbili. Ya kupakua kutoka mtandaoni inaweza kula zaidi ya GB 4, na wanaonunua mega wanajua hiyo ni pesa gani. Ya ndani haili mega, lakini hutumia mafaili ya mfumo yaliyomo tayari kwenye mashini. Mimi napendelea fleshi ya kuwekea Windows iliyoandaliwa kwenye ordinatere nyingine iliyo safi. Na kama bado ni Windows 10, fahamu kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Imebaki fleshi. Niliiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa usipoishughulikia, yote ya juu utayarudia. Mama mudogo huchapisha mitihani kwenye sekretaria, ambako fleshi za watu wengi hupita kwenye ordinatere moja kutwa nzima. Mdudu wa .vbs hupenda hapo. Anachofanya ni kuficha folda zako halisi na kuweka njia za mkato zenye jina na picha ileile. Ukibofya, folda yako inafunguka kama kawaida, hutambui lolote, lakini script (lile faili la maagizo la .vbs) nayo imekwisha kuanza. Jenxcus, mmoja wa wadudu wa namna hii, alikuwa ameenea kiasi kwamba Juni 2014 Microsoft ilikwenda mahakamani Marekani kumkatia njia za mawasiliano.

Mtu anapoona njia za mkato tupu anadhani kazi yake imepotea, na wa sekretaria anamwambia "tuiformati tu". Usikubali. Kuna wanafunzi wa Kasapa, chuo kikuu cha hapa, waliopoteza TFC (kazi yao ya kumaliza masomo) nzima kwa neno hilo, ilhali mafaili yalikuwa bado yamo ndani. Chomeka fleshi kwenye ordinatere iliyokwisha kusafishwa, usibofye chochote juu yake, ichunguze kwa antivirusi, kisha fungua dirisha la amri na uandike, kama fleshi ni herufi E:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza tena. Futa zile ambazo aina yake imeandikwa Raccourci (njia ya mkato), na script yoyote isiyo yako. Nakili nyaraka zako mahali pengine, na hapo sasa, kama unataka, formati.

Kwa mama mudogo tulinunua fleshi ya pili, ndogo na ya bei ya chini, tukaifunga uzi mwekundu. Hiyo peke yake ndiyo inayokwenda sekretaria, ikiwa na PDF ya mtihani mmoja tu, na ikirudi inaformatiwa kabla ya kitu kingine chochote.