Kijarida Huanzia kwenye Karatasi

Waandishi wanaoniletea miswada ya vijarida huru huuliza kwanza bei ya kuchapa, nami huwauliza kazi yao ina kurasa ngapi. Wakijibu 29 au 30, najua bado hatujaanza. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne za A5, kwa hiyo kijarida kinachobanwa pini mgongoni lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne. Shairi moja lililozidi huongeza karatasi nzima kwa kila nakala, na hapo ndipo mhariri hulazimika kuamua kama shairi lenyewe linastahili gharama hiyo. Binafsi naona kikwazo hicho kimeboresha vijarida vingi kuliko warsha za uandishi.

Tuchukue kijarida cha kurasa 32. Kinakula karatasi 8, hivyo rimu moja ya karatasi 500 hutoa nakala 62 na kubakiza karatasi nne za kujaribia mashine. Jalada likiwa la karatasi nzito iliyonunuliwa kando, kila nakala hula karatasi 7 tu za ndani, na rimu ileile hufikisha nakala 71. Ukurasa wa 1 huchapwa sambamba na wa 32, na nyuma yake hukaa wa 2 na wa 31. Ukijumlisha namba mbili zilizo upande mmoja wa karatasi, daima utapata 33, hadi karatasi ya katikati yenye 16 na 17. Usipopata 33, mpangilio umekosewa, na ni heri uligundue kabla fundi hajawasha mashine. Vilevile, karatasi zikikunjwa pamoja, za ndani hujitokeza kidogo, na zikishasawazishwa kwa mashine ya kukatia, kurasa za katikati huwa nyembamba kuliko za nje. Namba ya ukurasa iliyowekwa ukingoni kabisa hukatika nusu.

Mashine huchaguliwa kwa idadi ya nakala. Ofseti, mashine ya uchapaji mkubwa, hudai pleti, yaani mabamba yenye sura ya kurasa, ambazo gharama yake ni ileile uchape nakala 50 au 5,000, ilhali fotokopi haina mzigo huo. Katikati ya hizo mbili ipo mashine ya Risograph ya Japani, inayotoboa stensili, yaani utando mwembamba wa kupitishia wino, na kuizungusha kwenye silinda ya wino, rangi moja baada ya nyingine, ndiyo maana rangi ya pili mara nyingi huteleza kidogo. Wino wake haukauki vizuri kwenye karatasi inayong'aa, basi usinunue karatasi hiyo.

Mtandaoni hesabu ya karatasi haipo. Jalada Africa, kikundi cha waandishi wa Kiafrika, ilipotoa toleo la tafsiri mwaka 2016, hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kigikuyu ilitoka katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo; kwa karatasi, mzigo huo ungemlemea mchapishaji yeyote mdogo. Hata hivyo, wengi huchukua faili lililopangwa kwa ajili ya mashine na kulituma WhatsApp kama lilivyo, msomaji akakutana na ukurasa wa 32 kando ya wa 1, herufi za pointi 10 zilizosinyaa kwenye kioo cha simu, na picha nzito zinazomaliza bando. Faili la simu husanifiwa upya, kwa safu moja ya maandishi, herufi kubwa na picha zilizopunguzwa uzito. Kazi hiyo mimi huitoza malipo yake kando, na wateja hunung'unika.