Hofu ya kikaragosi iko kwenye mwendo, si kwenye meno

Watu wakiniuliza siri ya kikaragosi kinachotisha, wengi hutarajia nianze na uso: meno, makovu, macho meusi yaliyozama. Uso una kazi yake, ila ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kazi yangu ni animesheni ya stopu-mosheni, ile ya kusogeza kikaragosi kidogo, kupiga picha, kusogeza tena, kupiga tena. Kadiri ninavyoifanya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hofu hukaa kwenye mwendo na kwenye kile kitu chenyewe ulichokitengenezea. Kikaragosi chenye sura ya malaika kitakutoa kijasho chembamba kikiinuka kitini kwa namna isiyo sawa.

Chukua suala la mfifio, yaani ule ukungu wa kitu kinachosogea kwenye picha. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, na sisi mara nyingi hupiga picha 12 tu, kila moja ikaonyeshwa mara mbili. Lakini idadi si tatizo. Mtu akipunga mkono mbele ya kamera ya filamu, shata, kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia, hubaki wazi kwa kama 1/48 ya sekunde, na ndani ya muda huo mkono umeshasafiri. Kwenye fremu unatoka umefifia, umevutika. Macho yetu yamezoea mfifio huo, kwa kuwa ndio unaozishona fremu pamoja. Kikaragosi hakina. Kila picha ilipopigwa kilikuwa kimetulia tuli, kwa hiyo kila fremu ni kali hadi ukingoni, na mkono unatoka hapa ukafika pale bila kupita katikati. Mtazamaji hawezi kusema ni nini kinachokosekana. Anabaki tu na wasiwasi.

Tazama mifupa saba inayopigana na wanaume watatu kwenye filamu ya Jason and the Argonauts ya mwaka 1963. Ray Harryhausen, fundi aliyeisogeza mifupa hiyo, alitumia zaidi ya miezi minne kwa pambano hilo la dakika chache. Waigizaji wana mfifio, mifupa haina, na wamo kwenye fremu moja. Ni kama malimwengu mawili yenye saa tofauti yamegongana. Baadaye Phil Tippett na wenzake, kwa ajili ya filamu ya Dragonslayer ya 1981, waliunganisha kikaragosi cha joka na fito zinazoendeshwa na mota na kompyuta, ili kisogee shata ikiwa wazi na mfifio upatikane. Joka lile ni kazi ya kuheshimiwa sana na linaruka kama kiumbe hai. Hata hivyo, nikitaka kuona kitu kisichostahili kuwepo duniani, narudi kwenye ile mifupa.

Kukosa mfifio peke yake hakutoshi, maana vikaragosi vya Wallace na mbwa wake Gromit vya studio ya Aardman kule Bristol, Uingereza, navyo havina, na hakuna mtoto anayevikimbia. Tena alama za vidole vya watengenezaji zinaonekana waziwazi kwenye plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia. Kwa nini vinapendeza? Kwa sababu vinafikiri kabla ya kutenda. Wallace kabla ya kunyanyuka hushuka kidogo, nyusi zikatangulia, macho yakaenda anakotaka kwenda, ndipo mwili ukafuata. Akifika, uzito wake unatua na kutikisika kabla ya kutulia. Sisi mafundi huita hayo maandalizi na mtuo, na ndiyo yanayomwambia mtazamaji kwamba ndani ya udongo ule kuna nia.

Sasa yaondoe. Kikaragosi kimeketi. Fremu inayofuata shingo imeanza kugeuka, kwa mwendo uleule mmoja, bila kuanza polepole wala kumalizia polepole. Macho hayatangulii. Yanakuja na kichwa, yakiwa yamekaza mbele. Kichwa kinafika mwisho na kusimama ghafla, kisha hakifanyi chochote. Katika kazi ya kawaida hatuachi kikaragosi kisimame hivyo, kwa sababu papo hapo kinarudi kuwa mpira na chuma. Tunakipa kope inayopepesa au bega linalopanda kwa nusu milimita kama linalopumua. Ukitaka hofu, acha kife hapo kwa sekunde mbili nzima. Halafu sogeza kidole kimoja tu. Kimeguswa na nini? Mtazamaji ameona kitu kimekufa, kikasogea, na hakupewa sababu yoyote.

Hilo la kitu kilichokufa si la kubuni, na limo kwenye fani hii tangu mwanzo. Władysław Starewicz alikuwa mkuu wa makumbusho ya historia asilia huko Kaunas, Lithuania. Mnamo 1910 alitaka kurekodi mbawakawa dume wakipigana, lakini kila taa zilipowashwa wadudu hao wa usiku waligoma. Akachukua waliokufa, akawatoa miguu, akairudisha kwa waya na nta, na kuwasogeza picha kwa picha. Filamu zake zilipofika London baadhi ya waandishi wa magazeti waliamini ni wadudu hai waliofunzwa. Ukitazama The Cameraman's Revenge ya 1912 leo, kisa chenyewe ni cha kuchekesha, cha mume na mke wanaosalitiana, ila gamba la mdudu ni gamba kweli, na miguu ile mikavu inatembea. Kicheko kinakwama kooni.

Hapo ndipo malighafi inapoingia. Kompyuta inaweza kuchora manyoya vizuri sana, lakini manyoya ya kweli yaliwahi kuwa ya mnyama. Jan Švankmajer wa Prague alilielewa hili kuliko mtu yeyote. Kwenye filamu yake ya Alice ya 1988, Sungura Mweupe ni sungura halisi aliyekaushwa na kujazwa unga wa mbao. Anang'oa misumari iliyomshikilia ndani ya kabati la kioo, na kifua kinapasuka, unga unamwagika. Anaubana mpasuko, na baadaye anaketi na kula unga wa mbao kwa kijiko, kujirudishia tumbo lake. Hakuna anayepiga kelele, hakuna muziki wa kukutayarisha, ni sauti tu ya kijiko na kutafuna. Hakuna jini lolote la kompyuta lililowahi kunisisimua mwili kwa kiwango hicho.

Ndugu wawili mapacha, Stephen na Timothy Quay, Wamarekani waliofanya kazi zao London, walikwenda upande mwingine. Kwenye Street of Crocodiles ya 1986 wanaotisha kuliko wanasesere ni skrubu. Zinajifungua zenyewe kutoka kwenye mbao chakavu, zinasimama, zinabingirika kwenye vumbi. Na vumbi hilo lina kazi. Ukiwa na chumba chenye ukubwa wa kasha la viatu, chembe ya vumbi la kweli inaonekana kubwa kama kokoto, uzi wa nguo unakuwa mnene kama kamba, na lenzi ya karibu inanasa ukanda mwembamba tu ulio wazi huku vingine vikiyeyuka. Jicho linaambiwa hiki ni chumba cha mtu, na wakati huohuo linaona kwamba ni kitu kidogo mno. Mbunifu wa filamu ya watoto huhangaika kuuficha mkanganyiko huo kwa kubana tundu la lenzi ili vyote vionekane wazi, na kuchagua kitambaa chenye nyuzi laini. Mbunifu wa hofu anauacha.

Coraline ya Henry Selick, ya 2009, kisa cha msichana anayepita mlangoni na kuingia dunia nyingine yenye mama mwingine mwenye vifungo badala ya macho, inafaa kusomwa kwa upande wa seti. Wengi hukumbuka macho ya vifungo. Mimi huwaonyesha wanafunzi vyumba. Nyumba ya kweli imejengwa ikiwa imebanwa, kina kifupi, rangi za kijivu. Vyumba vya dunia ile nyingine, vinavyofanana navyo, vimejengwa vikiwa na kina zaidi na rangi zinazovutia. Mtoto anavutwa na nafasi yenyewe kabla hata hajapewa chakula. Kisha, Mama Mwingine anavyozidi kurefuka na kukonda hadi mikono ikawa sindano, umbo lake linavunja vipimo vya nyumba ile aliyoijenga mwenyewe. Usanifu ndio umeanza kukutisha, naye amekuja kuumalizia.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Hata taa nzuri hubadilika kidogo kati ya picha na picha, na lenzi yenye tundu linaloendeshwa kwa umeme hufunguka tofauti kwa kiasi kisichopimika kwa macho. Matokeo yake picha hupepesa. Leo programu hufuta hilo kwa kubofya mara moja, na wengi hufuta bila kujiuliza. Jambo lingine la aina hiyo ni manyoya ya sokwe mkubwa wa filamu ya King Kong ya 1933. Kila vidole vya fundi Willis O'Brien vilipokigusa kikaragosi kile, manyoya ya sungura yalilala upande mwingine, na kwenye skrini yanachemka mwili mzima. Ni alama ya mtu asiyeonekana anayemshikashika mnyama katikati ya kila fremu. Mtu akiniambia ni kasoro, simkubalii.

La casa lobo ya Wachile Cristóbal León na Joaquín Cociña, iliyotoka 2018, imeijenga filamu nzima juu ya alama hiyo. Chimbuko lake ni Colonia Dignidad, lile koloni la Wajerumani nchini Chile lililokuwa na mateso ndani yake. Watu wanachorwa ukutani kwa rangi ambayo bado inachuruzika, wanatoka ukutani wakiwa karatasi na gundi, wanakamilika, kisha wanabomoka mbele yako. Hakuna umbo linalodumu. Msichana aliyejificha ndani ya nyumba ya filamu hiyo hana hata uso wa kuuamini kuwa ni wake. Waliipiga ndani ya makumbusho na kumbi za sanaa, watu wakipita na kutazama kazi ikiendelea, na haikupungua kutisha hata chembe, kwa kuwa haikutegemea siri ya ufundi.

Hili la mwisho ndilo ninalobishana nalo na wateja. Nyuso za kubadilisha, zile tunazozibandua na kubandika nyingine ili kikaragosi kibadilishe hisia au kizungumze, hukatwa vipande viwili, nyusi juu na mdomo chini, na kati yake hubaki mstari unaopita usawa wa macho. Kwenye Coraline mstari ulifutwa kwa kompyuta. Kwenye Anomalisa ya 2015, Charlie Kaufman na Duke Johnson waliuacha kwa kila mhusika, kuanzia fremu ya kwanza. Baada ya dakika chache unausahau. Halafu Michael, mhusika mkuu, anajitazama kwenye kioo cha bafuni, mdomo unaanza kuchezacheza wenyewe, anaweka vidole kwenye ule mstari na kuanza kuuvuta. Wangekuwa wameufuta, onyesho hilo lisingewezekana kabisa.