Kabla ya kuagiza chipu ya TPM, fungua BIOS kwanza

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, malalamiko yanayotufikia kutoka Tabora mjini, Urambo na Kaliua yanafanana mno. Kompyuta ya mezani imekataa Windows 11, katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kaambiwa haina TPM, yaani sehemu inayotunza funguo za usalama za kompyuta, kaagiza chipu Dar es Salaam, na ilipofika haikuingia kwenye mazabodi, bodi kuu ya kompyuta.

Tunawaomba wananchi watulie. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni tayari zina TPM ndani ya prosesa, ila imezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Ikionekana toleo la 2.0, huna cha kununua. Isipoonekana, ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, utafute Intel PTT au AMD fTPM, majina ya TPM iliyo ndani ya prosesa, uiwashe. Na kama prosesa ni ya Intel ya kizazi cha sita au cha saba, karibu zote haziwezi kukidhi masharti ya Windows 11 hata ukichomeka chipu mpya. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado watu wanatuletea risiti.

Anayehitaji chipu kweli asome kwanza kitabu cha mazabodi yake. Soketi zina pini 12, 14, 18 au 20, na hata pini zikilingana, mpangilio wa kampuni moja si wa nyingine. Nunua iliyotajwa kwa jina la modeli yako. Zima umeme ukutani, chomoa waya, gusa chuma cha kasha kuondoa umemetuli, kisha ichomeke bila kulazimisha.

Lakini kabla ya kugusa bisibisi, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kifungio cha Windows kinachoficha data za diski, toa ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Uuchapishe, uufungie kabatini, nakala ya pili ikae nje ya ofisi, usiuache ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Kisha sitisha BitLocker, chomeka chipu, uiwashe tena BitLocker. Ukiruka hatua hii, kompyuta itauliza tarakimu hizo ikiwaka, na asiyekuwa nazo hatafungua daftari la wakulima. Sisi pia hatuwezi kulifungua, tafadhali msituletee diski mkitarajia muujiza. Chaguo la kufuta TPM lililomo BIOS usiliguse kwa majaribio.

Tunasisitiza kwa sababu diski hizo zina majina, simu na akaunti za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde. Mtu akizifichua kinyume cha sheria, faini ni kuanzia Sh 100,000 hadi Sh milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, ni Sh milioni 1 hadi Sh bilioni 5.

Kompyuta ikiibwa diski ikiwa imefungwa na ufunguo umetunzwa na TPM, mwizi akiihamishia kwenye kompyuta nyingine hasomi kitu. Hata hivyo toeni taarifa polisi na kwa Tume bila kuchelewa, mkieleza taarifa za nani zilikuwemo.