Sarkopenia si kukonda

Neno sarkopenia limeanza kutumika hapa Moshi kama jina la kitaalamu la kukonda, na juzi nimemsikia mtu akimtuliza mwenzake kwamba baba yao, ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi vizuri, hana sarkopenia "kwa sababu kilo zake hazijapungua." Sarkopenia ni kudhoofu kwa nguvu na wingi wa misuli ya mwili, ile inayotusimamisha na kututembeza, wala si misuli ya moyo wenyewe. Kupungua uzito kwa sababu ya maradhi kuna jina lake, kakeksia.

Nakiri kwamba jina lenyewe linapotosha. Mmarekani Irwin Rosenberg alilipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki, sarx, yaani nyama ya mwili, na penia, yaani ufukara. Na anayesikia "ufukara wa nyama" atawaza nini kama si mtu aliyekonda? Hata hivyo, wataalamu wa Ulaya walipotoa fasili yao mpya mwaka 2019 walitanguliza nguvu: mwanamume ambaye kiganja chake hakifikishi kilo 27 anapobana kipimo cha nguvu za mkono, au mwanamke asiyefikisha 16, hushukiwa kwanza, ndipo wingi wa misuli upimwe ili kuthibitisha. Bibi anayelalamika kuwa "nguvu zimeniishia" ameikaribia fasili hiyo kuliko Kigiriki.

Kuhusu kilo, moyo ukishindwa maji hujikusanya mwilini. Ukimbonyeza mgonjwa ugokoni kwa kidole gumba kishimo hubaki, ilhali mapaja yanapwaya ndani ya suruali na kwenye kigoda hainuki bila kushika meza. Mizani hujumlisha maji na nyama pamoja, na hata kipimo cha DEXA, yaani eksirei hafifu inayokadiria mifupa, mafuta na misuli, huweza kuyahesabu maji hayo kama misuli. Siti-skani, yaani eksirei inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, huchukua picha ya mkato mmoja kwenye pingili ya tatu ya uti wa mgongo kiunoni, ambapo misuli huonekana ya kijivu na mafuta meusi zaidi, hivyo daktari hupima ukubwa wa misuli na pia huyaona mafuta yaliyopenya ndani yake, ambayo huipunguzia nguvu hata kama haijasinyaa.

Basi mzee yule mwenye kilo zilezile tuseme tu kwamba uzito wake haujapungua. Habari ya sarkopenia ingoje kwanza abane kile kipimo cha mkono.