Kiunzi cha Nje: Nje ya Nini?

Jumapili iliyopita, katika soko la Kibuye hapa Kisumu, nilimsikia tena muuzaji wa mitumba akilisifu begi la mgongoni kwa maneno yale yale ambayo nimeyasikia mwaka mzima: "Hili ni la fremu ya nje, mkubwa, si kama haya ya hapa." Begi lenyewe lilikuwa zuri, la kitambaa kigumu cha kijani, lakini halikuwa na fremu yoyote ya kuonekana. Ukilibonyeza upande wa mgongoni ndipo unapohisi vipande viwili bapa vya aluminiamu vilivyoshonewa ndani. Kwake yeye, "fremu ya nje" ni fremu iliyotoka ng'ambo. Lingekuwa kosa lake peke yake ningenyamaza, ila wiki hiyo hiyo kijana mmoja ambaye hupanda nasi Mlima Elgon, na ambaye husoma ramani kuliko mimi, aliniambia kwamba anatafuta begi la fremu ya nje, akikusudia begi la kwenda nalo nje, yaani porini. Nimeona basi heri niandike.

Maana yenyewe inaelezeka kwa pumzi moja. Begi la kiunzi cha nje, ndilo hilo wanaloliita la fremu ya nje, ni begi lenye sehemu mbili zinazoachana: kiunzi kigumu, cha mabomba ya aluminiamu au cha mbao, ambacho ndicho chenye mikanda ya mabegani na ya kiunoni, na mfuko unaofungwa juu ya kiunzi hicho. Ukiuvua mfuko, kiunzi hubaki na mikanda yake, nawe unaweza kukivaa na kukifungia mzigo mwingine wowote. Begi la kiunzi cha ndani ni lile ambalo vyuma vyake vimetiwa ndani ya mfuko, na mikanda imeshonewa mfukoni; ukivichomoa vyuma, unabaki na gunia lenye kamba. Hakuna zaidi ya hapo.

Kinachonikosesha raha ni neno "nje", kwa sababu katika Kiswahili neno hili halipendi kuachwa peke yake. Tunaposema "nje ya nyumba" au "nje ya mji", kuna hiyo "ya" inayotuambia tumetoka wapi. Tukiikata, msikilizaji hulazimika kuijaza mwenyewe, na kila mtu huijaza kwa kile kilicho karibu na shughuli zake. Mfanyabiashara hujaza nchi, kwa kuwa siku nzima anazungumza juu ya mali ya nje na soko la nje, na kwa upande wa lugha hatuna la kumlaumu. Mpanda milima hujaza nyumba, kwa kuwa kwake nje ni kila mahali pasipo na paa. Fundi aliyenitengenezea zipu mwaka jana alijaza begi lenyewe, akadhani fremu ya nje ni zile ndoano na vitanzi ambavyo watu huning'inizia sufuria na mkeka wa kulalia. Huyu wa tatu alikaribia kuliko wenzake, lakini naye alikosa, maana kitu kilichoning'inizwa nje ya mfuko hubebwa na mfuko, ilhali kiunzi cha nje ndicho kinachoubeba mfuko. Tofauti yote imo humo: ni nani anayembeba mwenziwe.

Neno "kiunzi" lingetusaidia kama tungelisikiliza. Watu wengi wa upande huu wa nchi wanalijua kutokana na matangazo ya riadha, mita 400 kuruka viunzi, au zile mita 3,000 kuruka viunzi na maji ambazo Wakenya walizifanya kama shamba lao kwa miongo mingi, kwa hiyo wakilisikia huona kizuizi cha kurukwa. Asili yake ni kitenzi "unda", yaani kutengeneza kitu kwa kuunganisha sehemu zake, hasa chombo cha baharini. Sauti ya "d" imegeuka "z" mbele ya ile "i" ya mwisho, kama ilivyogeuka "penda" ilipozaa "mpenzi" na "linda" ilipozaa "mlinzi". Kiunzi ni lile umbo la mbao zilizounganishwa kabla hazijavikwa kitu: jahazi ambalo mataruma yake, yaani mbavu zake, yamesimama nalo halijapigiliwa mbao za ubavuni. Ndiyo sababu mifupa ya mwili nayo, ikiwa imeshikamana bila nyama, huitwa kiunzi cha mifupa. Neno hili limekwisha kubeba ndani yake wazo la kitu kinachosimama chenyewe kikisubiri kuvikwa.

"Fremu" ni mkopo kutoka Kiingereza, nasi tuliupokea pamoja na picha za ukutani, madirisha na milango. Sina ugomvi na mikopo, na hata mimi husema fremu nikiwa na haraka. Lakini fremu ya picha huizunguka picha, wala haibebi. Kwa hiyo mtu anayeambiwa "begi la fremu" huona akilini begi lililozungushiwa chuma pembeni, mfano wa lile sanduku la bati tulilokwenda nalo shule ya bweni, na ukimwonyesha kiunzi kitupu kisicho na begi hatambui kwamba amekwisha kuonyeshwa kitu chenyewe.

Liko jambo jingine la kihistoria kuhusu hiyo "nje". Simu ya mezani haikuitwa ya mezani hadi ile ya mkononi ilipokuja. Kabla yake ilikuwa simu tu. Ndivyo ilivyokuwa kwa viunzi. Lloyd Nelson, mtu wa jimbo la Washington huko Marekani, alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1924 kwa ajili ya kiunzi cha mbao na turubai, akiwa ameliboresha wazo la kiunzi cha wenyeji wa Alaska, cha fito na ngozi ya sili, mnyama wa baharini. Mwaka 1952 Dick Kelty na mkewe Nena walianza kuuza viunzi vya mabomba ya aluminiamu kutoka nyumbani kwao Glendale, California, mume akiunganisha mabomba na mke akishona mifuko, na mkanda wa kiunoni ukashuka nao hadi kwa watu wa kawaida. Mwaka 1967 Greg Lowe akatengeneza begi ambalo vyuma vyake vimo ndani ya mfuko. Tangu hapo ndipo ilipozidi haja ya kusema "cha nje", kwa kuwa sasa kulikuwa na cha ndani. Neno lilizaliwa kutokana na kulinganisha mahali pa chuma na mahali pa mfuko, wala halikuhusu kamwe nchi, pori, wala ubora.

Na kiunzi chenyewe ni cha zamani kuliko Marekani. Yule mtu wa kale aliyetolewa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na ufito uliopindwa pamoja na vibao ambavyo wengi huvihesabu kuwa kiunzi cha mgongoni. Wakorea wana jige, kiunzi cha miti miwili yenye panda. Huku kwetu, misafara ya karne ya 19 iliyopumzika Mumias ikielekea Uganda ilitegemea kichwa na bega: mpagazi alibeba takriban farasila mbili, kilo 30 hivi, na robota la nguo alilolibeba ndilo lililoitwa "mtumba". Hunichekesha kidogo kwamba kiunzi cha kubebea mizigo kinatufikia leo Kibuye kikiwa kimefungwa ndani ya mtumba.

Wapanda milima wengi waliviacha viunzi vya nje, na walikuwa na sababu. Viunzi hivyo huyumba mtu anapopita mahali pa kuruka mawe, hunasa matawi, na vile vya zamani hulia kila hatua kama kitanda cha mabweni. Waliovishikilia ni wawindaji wa magharibi mwa Marekani na wa Alaska, na sababu yao ni nyama. Dume la elki, ambaye ni aina ya ayala mkubwa, huweza kumpa mwindaji kilo 80 hadi 100 za nyama iliyotolewa mifupa. Musi wa Alaska, ayala mkubwa kuliko wote, huweza kumpa zaidi ya kilo 200. Wanyama hawa huanguka kilomita kadhaa kutoka barabarani, kwa hiyo hukatwa mapande na kubebwa kwa safari kadhaa. Katika maeneo kadhaa ya Alaska kanuni zinataka miguu na mbavu zibaki na mifupa hadi nyama itoke porini, na pembe haziruhusiwi kutangulia nyama. Mguu wa namna hiyo huwezi kuutia kwenye mfuko wa kawaida, na hata ungeingia ungeharibika, kwa sababu nyama yenye joto iliyofungiwa pasipo hewa huvunda haraka.

Hapo ndipo maana ya "nje" inapoonekana kwa macho. Mwindaji huchomoa pini ndogo na pete za waya zinazoshikilia mfuko, anauweka kando, na kubaki na kiunzi. Mguu wa mnyama huvikwa mfuko mwepesi wa pamba unaopitisha hewa, husimamishwa juu ya rafu iliyo chini ya kiunzi, kisha hufungwa kwa kamba hadi usiweze kucheza. Mgongo wa mbebaji haugusi nyama, kwa sababu kati yake na mabomba kuna utepe wa wavu uliokazwa. Uzito hupita kwenye mabomba hadi kwenye mkanda wa kiunoni, ukatua nyongani. Damu ikidondoka, hudondoka kwenye chuma, na jioni chuma huoshwa kwa maji. Kiunzi cha mwaka 1975 hufanya kazi hiyo sawasawa na cha jana, mradi maungio yake hayajapasuka.

Kwetu uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kiunzi hakikufanyi mwindaji. Natanguliza hilo kwa sababu wauzaji wengine huongeza kwamba begi fulani ni "la kuwindia" ili kupandisha bei. Iko kampuni ya Marekani inayotengeneza mabegi ya wawindaji na imejiita Kifaru, jina tulilowaazima bila kujua, la mnyama ambaye sisi humlinda kwa bunduki usiku na mchana. Mabegi ya siku hizi ya aina hiyo yamezidi kuwachanganya watu: kiunzi chake kimefunikwa kwa kitambaa, huoni bomba hata moja, lakini mfuko unaachana nacho na nyama hufungwa katikati ya hivyo viwili. Hayo ni ya kiunzi cha nje, ijapokuwa chuma hakionekani. Kuonekana kwa chuma si kigezo.

Kiunzi changu nilikipata Kibuye miaka mitatu iliyopita, hakina mfuko, kimelazwa kati ya magongo ya wagonjwa na stendi za maua, na muuzaji akaniapia kwamba ni ngazi ya mtoto. Nilimpa shilingi 400. Mabomba yake yamepindwa kidogo kufuata mgongo, matundu ya pini yamechakaa yakawa na umbo la yai, vizibo vya plastiki vya juu havipo, na utepe wa wavu niliukaza upya kwa uzi wa nyavu za samaki kutoka ufuo wa Dunga. Desemba hiyo nilikwenda kwa mjomba wangu kwenye miteremko ya Elgon, mvua ikawa imenyesha, na bodaboda ikakwama pale murramu inapokwisha. Nilikuwa na mguu wa nyuma wa fahali kutoka bucha ya senta, kilo 28 kwa mizani ya muuzaji. Niliufunga kwa mpira wa tyubu, kwato juu, nikapanda nao karibu saa nzima. Mabega hayakuniuma, nyonga ziliniuma. Mjomba aliponiona aliuliza, "Mpwa wangu, umekuja na kitanda?" Nilimwambia ni kiunzi, naye, aliyejenga nyumba nyingi za udongo maishani mwake, hakuhitaji maelezo ya pili. Alikigonga kwa kidole, akatazama fundo za mpira, akasema kwamba nyumba ikishasimama fito, udongo ni kazi ya wanawake na watoto.

Kwa hiyo Jumapili ile, muuzaji alipomaliza kulisifu begi lake la kijani, sikubishana naye mbele ya wateja. Nilingoja wakapungua, nikaushika mkono wake nikaubonyeza mgongoni mwa begi hadi akavihisi vile vyuma viwili chini ya kitambaa. Nikamwambia kwamba begi ni zuri na bei yake si mbaya, ila chuma hiki kimo ndani ya mfuko na kinabebwa nao, basi aliite la kiunzi cha ndani. "Lakini limetoka nje," akasema. Nikamjibu kwamba ndiyo, limetoka nje, na kiunzi chake ni cha ndani, na yote mawili anaweza kumwambia mteja bila kumdanganya.