Je, tunda la Edeni lilikuwa pome?

Huku Bukavu, muulize mtoto yeyote wa masomo ya Jumapili Hawa alikula nini. Wengi watajibu: pome, yaani tufaha. Wazazi wao nao watajibu hivyo, na si ajabu. Picha nyingi zinamwonyesha Hawa ameshika tunda jekundu, na Kifaransa cha shuleni hukiita kile kivimbe cha kooni mwa mwanaume "pomme d'Adam", yaani pome la Adamu.

Lakini fungua Mwanzo, sura ya 2 na ya 3. Utakuta "mti wa ujuzi wa mema na mabaya" na matunda yake, basi. Kama nyumbani kuna Biblia ya Kifaransa, ilinganishe. Nayo inasema tunda tu. Neno la Kiebrania, peri, ni tunda lolote: hata parachichi la soko la Kadutu lingeitwa hivyo. Mti pekee uliotajwa aina yake ni mtini, katika 3:7, na hapo ni majani yaliyoshonwa kuwa nguo. Walimu wa Kiyahudi wa kale walibishana: mzabibu, mtini, hata ngano!

Pome lilitoka wapi? Kwa Kilatini, malum huandikwa sawa kwa maana ya "uovu" na ya "tufaha", na wengi huona mkanganyiko ulianzia hapo. Wachoraji wa Ulaya, ambako tufaha ni tunda la kila siku, wakachora walichokijua. Picha hukaa kichwani kuliko aya. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima niliposoma sura hiyo taratibu, nikilitafuta pome bila kuliona.